Tangawizi kwa mkulima kijana wa Isevya: matumizi yake ya asili, na hesabu ya kupiga kabla hujanunua mbegu

Kila ikifika mwezi wa saba, swali la tangawizi linarudi. Kijana ameona mahesabu ya WhatsApp, eka moja, mamilioni kadhaa, miezi tisa, na ameshaanza kuulizia lori la mbegu. Somo la leo ni la huyo kijana. Tutaanza na mmea wenyewe na jinsi watu wetu wanavyoutumia tangu zamani, maana hapo ndipo soko lilipo. Kisha tutaingia shambani, tupige hesabu ya maji na ya hela kwa mazingira ya Tabora.

1. Tangawizi ni mmea gani?

Kitaalamu inaitwa Zingiber officinale. Iko familia moja na manjano na iliki. Asili yake ni Asia ya kusini-mashariki, na leo nchi inayoongoza kwa kuizalisha duniani ni India. Haijulikani kuota porini popote. Imeishi mikononi mwa wakulima kwa maelfu ya miaka.

Kile tunachokula si mzizi. Ni shina linalotambaa chini ya udongo, nasi tunaliita tunguu. Angalia vizuri utaona pingili na macho, kama shina la muwa lililofupishwa. Kwa kawaida tangawizi haizai mbegu za kupanda. Inapandwa kwa vipande vya tunguu tu. Shika neno hilo, maana lina gharama: ukipanda kipande chenye ugonjwa, umepanda na ugonjwa.

Jambo la pili: mmea huu unataka joto, unyevu wa kutosha na muda mrefu, miezi 8 hadi 10. Maeneo yanayojulikana kwa tangawizi hapa nchini, kama milima ya Upare wilayani Same, Kasulu na Buhigwe mkoani Kigoma, au Songea kule Ruvuma, yana mvua nyingi au maji ya mifereji. Tabora tunapata takriban milimita 900 hadi 1,000 kwa mwaka, kuanzia Novemba hadi Aprili, halafu kavu. Mvua zetu ni za miezi sita, na tangawizi inataka tisa. Ugumu wote wa zao hili kwetu uko kwenye hiyo miezi mitatu inayopungua.

2. Ilivyofika mezani kwetu

Tabora ya zamani, enzi ikiitwa Kazeh, ilikuwa njia panda ya misafara. Wapagazi Wanyamwezi walibeba pembe za ndovu kwenda Bagamoyo na kurudi na vitambaa na shanga. Njia nyingine iliendelea Ujiji. Burton na Speke walipofika hapa Novemba 1857 walipokelewa na wafanyabiashara Waarabu wa Oman waliokuwa wameshajenga matembe yao. Tembe la Kwihara, alikokaa Livingstone mwaka 1872, bado lipo na ni makumbusho.

Kwa njia hiyo mapishi ya pwani yaliingia bara: pilau, kahawa chungu, vinywaji vya viungo. Miembe nayo ilikuja hivyo hivyo, na ndiyo maana mji wetu umejaa miembe. Lakini linganisha: kokwa la embe ukilitupa kwenye kichanga chetu linaota, mti unakua na unavumilia kiangazi. Tangawizi haikujipanda kando ya njia. Tulipokea matumizi yake, kilimo chake kikabaki kwenye milima na mabonde yenye maji. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mizigo ya vyakula ilipata njia rahisi zaidi. Mpaka leo mshindani wako sokoni ni mkulima wa Kigoma ambaye mvua yake ni nzuri kuliko yako.

3. Matumizi ya asili, na yanakwambia nini kuhusu soko

*Kinywaji.* Chai ya rangi yenye tangawizi ya kuponda ndiyo matumizi makubwa ya kila siku. Kuna kahawa ya kwenye vikombe vidogo, ambayo wauzaji wengi huipika na tangawizi. Kuna juisi ya tangawizi na limao, au na miwa. Zanjabili, kama Waarabu wanavyoiita, imetajwa ndani ya Qurani, Sura ya Al-Insan, kama kinywaji cha peponi, kwa hiyo kwa Waislamu ina heshima yake. Mwezi wa Ramadhani mahitaji ya viungo yanapanda. Kumbuka Ramadhani hurudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, hivyo kalenda yako ya kuuza nayo isogee.

*Chakula.* Pilau, mchuzi wa nyama, supu, mishikaki. Mama lishe na wachoma nyama wananunua kidogo kidogo lakini kila siku. Wateja wa namna hii ni wa kutunza.

*Tiba ya nyumbani.* Wazee wetu wanaitumia kwa kichefuchefu, tumbo kujaa gesi, mafua na kikohozi. Kwa kichefuchefu utafiti wa kisasa umewaunga mkono, hata kwa wajawazito, kikitumiwa kiasi cha kawaida cha chakula. Ukali unatokana na kemikali iitwayo jinjeroli; tunguu ikikaushwa, sehemu yake hubadilika kuwa shogaoli ambayo ni kali zaidi. Ndiyo maana tangawizi kavu inawasha kuliko mbichi. Lakini tahadhari: anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda aongee na daktari kabla ya kunywa nyingi. Na wewe muuzaji, usiandike kwenye pakiti yako kwamba inatibu kisukari, presha au saratani. Wakati wa korona, 2020 na 2021, mahitaji ya tangawizi na malimao yalipanda ghafla, yakashuka baadaye. Aliyelima kwa kutegemea hofu ya watu aliachwa na mzigo.

*Asali na tangawizi.* Hii ni yetu. Tabora ni mkoa wa asali ya miombo, na mchanganyiko wa asali na tangawizi kwa kikohozi unajulikana nyumba nyingi. Kigoma wanatushinda kwa tangawizi mbichi, ila ukiwa na asali safi ya Sikonge au Urambo na tangawizi yako kavu, una bidhaa ambayo tunguu tupu za gunia haziwezi kushindana nayo.

4. Kuna na ya porini

Kwenye miombo, mvua za kwanza zikigonga, utaona maua ya waridi au zambarau yamechomoza chini kabla majani hayajakolea. Baadhi ni jamaa wa tangawizi, wa kundi la Siphonochilus. Kiangazi wanalala chini ya udongo, mvua ikija wanaamka. Waganga wa jadi katika nchi kadhaa za kusini mwa Afrika wanawatumia. Afrika Kusini aina mojawapo ilichimbwa na kuuzwa mpaka ikatoweka porini katika eneo la KwaZulu-Natal.

Ninawaomba mambo mawili. Msichimbe hizi za porini kuuza, maana kundi lililochimbwa lote halirudi. Pia msizichanganye na tangawizi ya chakula. Ila somo lao lichukueni: tunguu ina tabia ya kulala na kuamka. Sisi tutaitumia tabia hiyo kwa kuiamsha mapema, kabla ya mvua.

5. Kalenda ya Tabora

Ukipanda Novemba na mvua, mvua inakata Aprili mmea una miezi mitano tu. Hapo una tangawizi changa, yenye maji mengi na uzito mdogo, na kiangazi chote cha kumwagilia. Fanya hivi:

- *Katikati ya Agosti:* chipusha mbegu kwenye kitalu kidogo chenye kivuli.
- *Mwanzoni mwa Oktoba:* hamishia kwenye matuta miche iliyochipua, umwagilie mpaka mvua zishike.
- *Desemba na tena Februari:* palilia na pandishia udongo kwenye mashina. Tunguu iliyo wazi juani hugeuka kijani na haikui.
- *Mei:* mwagilia kama mvua imekata.
- *Mwisho wa Mei hadi Juni:* majani yakigeuka njano na kulala, acha kumwagilia wiki mbili, kisha vuna.

Kipimo cha maji ni rahisi. Weka lita 5 kwa kila mita moja ya mraba kwa siku. Tuta la upana wa mita 1 na urefu wa mita 10 linataka lita 50, yaani madumu mawili na nusu ya lita 20. Matuta 20 yanataka lita 1,000, ambayo ni uniti moja ya maji ya bomba kwa siku.

Sasa ona faida ya kitalu. Ukipanda moja kwa moja kwenye matuta katikati ya Agosti, unamwagilia siku kama 90 kabla ya mvua kushika katikati ya Novemba, na siku 30 za Mei: jumla uniti 120. Ukitumia kitalu, mbegu ya matuta yote 20 inaenea kwenye eneo la mita 10 za mraba, na hapo ndoo mbili tatu kwa siku zinatosha. Kwenye matuta unamwagilia siku 45 na zile 30 za Mei: uniti 75. Umeokoa karibu uniti 45 bila kupoteza siku hata moja ya ukuaji. Chukua bei ya uniti kwenye bili yako ya maji, zidisha mwenyewe. Maji ya Ziwa Victoria yamefika Tabora mjini, lakini mita inasoma.

Kama una kisima, kipime mwezi wa kumi, siyo wa tatu. Kisima kikikauka mwezi wa kumi, acha tangawizi.

6. Shamba na mbegu

*Eneo.* Wengi wa Isevya na kata za jirani mna viwanja, siyo maeka. Hilo siyo tatizo. Matuta 20 na njia za nusu mita yanaenea kwenye eneo la kama mita 15 kwa 21. Epuka mbuga inayotuamisha maji, tunguu zitaoza. Kichanga chetu kinafaa kwa sababu hakituamishi, ila hakina chakula wala hakishiki maji. Dawa yake ni samadi iliyooza vizuri, kilo 25 hadi 30 kwa kila tuta la mita 10, na matandazo mazito ya nyasi kavu au majani mara tu baada ya kupanda. Inua tuta sentimita 20 hivi.

*Historia ya shamba.* Hapa wengi huharibu. Tabora ni mkoa wa tumbaku, na udongo wa kichanga uliolimwa tumbaku mara nyingi una minyoo fundo, ile inayotia vinundu kwenye mizizi. Minyoo hiyo inaishambulia na tangawizi. Mnyauko bakteria nao unakaa kwenye udongo uliokuwa na nyanya, viazi mviringo, biringanya, pilipili au tumbaku iliyougua. Kabla hujakodi kiwanja uliza: kimelimwa nini miaka mitatu iliyopita? Jibu zuri ni mahindi au mtama, au kimepumzishwa kikaota nyasi. Ukiwa na wasiwasi, nenda kituo cha utafiti cha TARI Tumbi, kiko hapa hapa Tabora, upate ushauri kuhusu udongo wako.

*Mbegu.* Usinunue mbegu ambayo hujui shamba lake. Tunguu za sokoni zimechanganywa kutoka mashamba mengi. Kwa chai ni sawa, kwa mbegu ni bahati nasibu. Tafuta mkulima, uone shamba lake likiwa bado na majani kama unaweza, ununue kwake. Chagua tunguu ngumu, nene, zisizo na sehemu laini wala maji yanayonuka. Kata vipande vya gramu 40 hivi, kila kimoja kina macho mawili au matatu. Kisu kisafishe kwa jik kila ukimaliza tunguu moja. Acha vipande vikauke jeraha kivulini kwa siku tatu hadi saba ndipo uviweke kitaluni.

Kuna wanaotibu mbegu kwa maji ya moto, nyuzi 50 za selsiasi kwa dakika 10, kuua minyoo fundo. Inafanya kazi, ila bila kipimajoto usijaribu. Nyuzi chache zikizidi umepika mbegu.

*Nafasi.* Mistari mitatu kwa tuta, sentimita 30 mstari hadi mstari na 25 shimo hadi shimo, kina sentimita 5 hadi 8. Hapo unapata miche 120 kwa tuta. Ukizidisha kwa gramu 40, tuta moja linakula kilo 5 za mbegu, na matuta 20 yanakula kilo 100. Kivuli chepesi kinasaidia: panda mbaazi au mahindi pembezoni. Chini kabisa ya mwembe usipande, giza ni nene na mizizi inakunyang'anya maji.

7. Ukiona majani yananyauka

Mmea ukianza kunyauka wakati udongo una unyevu, usiongeze maji kwanza. Fanya jaribio hili, halina gharama. Chomoa shina moja, likate karibu na tunguu kwa kisu kisafi, sehemu iliyokatwa iguse maji safi ndani ya glasi ya kioo. Tulia dakika chache. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka ndani ya maji, huo ni mnyauko bakteria.

Hauna dawa ya kuponya mmea ulioshika. Ng'oa mmea na majirani zake, toa na udongo wake, choma moto. Usiruhusu maji yatiririke kutoka hapo kwenda matuta mengine. Osha jembe na viatu. Sehemu hiyo panda mahindi miaka mitatu au zaidi. Na tunguu za tuta hilo usimuuzie mtu mbegu, hata zile zinazoonekana nzima. Ukifanya hivyo umemmaliza mwenzio.

Kama uzi hauonekani na tunguu ni laini yenye kuoza, mara nyingi ni uozo wa maji kutuama. Fungua mifereji, inua tuta.

8. Hesabu ya hela

Kwa matunzo mazuri tegemea kilo 1 hadi 2 kwa mita ya mraba. Kwa matuta 20 hizo ni kilo 200 hadi 400. Toa kilo 100 za mbegu ya msimu ujao, maana mbegu safi ya shambani kwako ndiyo mali kuliko zote. Zinabaki kilo 100 hadi 300 za kuuza.

Sasa kanuni: jumlisha gharama zote, gawanya kwa kilo za mavuno. Mfano tu, weka namba zako: mbegu, usafiri, samadi, maji na vibarua vimefika shilingi 700,000. Ukivuna kilo 200, kila kilo imekugharimu 3,500. Ukivuna 400, imekugharimu 1,750. Halafu nenda Soko Kuu, uliza bei ya jumla ya tangawizi iliyotoka Kigoma. Uliza ya jumla, siyo ya fungu la rejareja. Kama bei hiyo iko chini ya gharama yako ya mavuno ya chini, usilime ili uuze mbichi kwa gunia. Utapambana na mtu ambaye maji yake yanatoka mawinguni bure.

Unabaki na njia tatu. Ya kwanza, uza mbichi rejareja moja kwa moja kwa wapika kahawa, mama lishe na wachoma nyama, wiki kwa wiki, ukichimba kidogo kidogo. Ya pili, kausha. Osha, kata vipande vyembamba, anika juu ya kichanja safi chini ya wavu. Juni na Julai Tabora ni kavu na jua lipo, hapo hali ya hewa iko upande wetu. Kilo 5 mbichi zinatoa kama kilo 1 kavu, kwa hiyo kilo ya kavu lazima iuzwe zaidi ya mara tano ya mbichi ili kazi yako ilipwe. Ya tatu, asali na tangawizi au unga wa chai kwenye pakiti. Hapo anzia ofisi ya SIDO, wakuelekeze usindikaji na namna ya kufuata alama ya ubora ya TBS.

9. Uamuzi

Eka moja ya tangawizi mwaka wa kwanza, kwa mtaji wa mkopo, hapa Tabora, ushauri wangu ni usifanye. Mbegu peke yake ni zaidi ya tani moja kwa nafasi tulizotaja, na ugonjwa mmoja unaondoka na zote. Anza na matuta 20, au hata 5. Jiulize maswali manne kabla ya Agosti: Maji ya Oktoba ninayo? Historia ya shamba ninaijua? Shamba lililotoa mbegu nimeliona? Mnunuzi wangu ni nani, kwa jina? Ukijibu yote manne, karibu kwenye tangawizi. Likikosekana moja, subiri msimu mwingine. Kiwanja kiweke mboga, hela yako itazunguka.

Mwenye shamba lililopo tayari na majani yananyauka asisubiri: fanya jaribio la glasi leo hii, halafu umuone afisa ugani wa kata yako na hilo shina mkononi. Somo lijalo tutaangalia manjano, ndugu yake tangawizi, na kwa nini linaweza kuvumilia kiwanja chako kuliko yeye.